Ndoo ya Njano ya Mama Nikolao

Jumatatu, 4 Agosti

Newala. Ukungu asubuhi, vumbi mchana, maji hakuna. Siku ya kawaida.

Veridiana kaja kutoa kopi. Kurasa nne. Nimezitoa kwa muda wa kurasa arobaini. Mashine yangu inaacha mstari mweusi upande wa kushoto na inavuja wino, kwa hiyo nina kisingizio cha kusimama naye huku nikiipuliza. Steshenari yangu iko ubavuni mwa ofisi ya kata, na yeye yuko fildi, mafunzo ya vitendo ya chuo, hapo hapo ofisini. Wiki ya nne sasa, kati ya nane. Mwaka wa pili, chuo kikuu cha Kikatoliki, elimu ya uhalifu na haki jinai. Mama yake, Mama Nikolao, akiwa sokoni hufupisha: mwanangu anasomea wezi.

Naandika hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, kwamba kila notsi aliyowahi kunipa nitoe kopi, nimetoa moja ya ziada. Ya kwangu. Ziko kwenye gunia la korosho chini ya meza. Mwaka wa kwanza ninao wote, isipokuwa takwimu, ambazo mashine ilizitafuna. Kwa hesabu yangu mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ila chuo hakijaarifiwa.

Habari mbaya. Anataka kuhama. Ripoti yake inadai kisa cha uhalifu katika jamii, na kata yetu imempa viwili tu: mbuzi aliyekula mche wa mkorosho, na mzee aliyeporwa kofia msibani. Cha pili kimefutwa. Aliyempora ni mtani wake, na walipoitwa ofisini walikuja pamoja, mwizi akiwa ameivaa.

Mwenzake wa darasani, Ladislaus, yuko fildi Masasi. Ladislaus ana wachomoa simu stendi, ana mghushi mihuri, ana mpaka mganga wa uongo. Anamtumia Veridiana ujumbe wa sauti mrefu. Nimesikia miwili. Anacheka mwenyewe kabla hajamaliza.

Akihama ni Jumatatu ijayo. Nilikuwa nimebakiza wiki nne. Masasi inazichukua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma notsi. Ukurasa wa kumi na mbili: uhalifu unahitaji vitu vitatu tu. Mtu mwenye nia, kitu kinachofaa, na kukosekana kwa mlinzi. Nimeurudia mara tatu. Ni kama maelekezo ya kupika.

Nia ninayo. Nikatoka kutafuta kitu kinachofaa. Nikakikuta mbele ya steshenari, kimejipanga.

Foleni ya maji. Kwetu maji hutoka saa yanayoipenda yenyewe, na hakuna mwenye nafasi ya kuyasubiri kwa miguu yake. Zinasubiri ndoo. Unaiweka yako kwenye mstari, unakwenda zako shambani kupuliza salfa kwenye mikorosho, ndoo inakuwakilisha. Ndoo ni mtu. Ina rangi ya mwenyewe na kamba ya mwenyewe. Ya Mzee Rajabu ina jiwe ndani, upepo usiichukue. Sijapata kuona mtu akiigusa ya mwenzake. Watu hapa wanaachana, wanauziana mashamba yenye kesi, lakini ndoo iliyo kwenye foleni haiguswi.

Ndoo hamsini na mbili. Mlinzi hakuna.

Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha dirishani mwa ofisi nikamsikia Ladislaus anacheka kwenye simu.

Jumatano, 6 Agosti

Imefanyika. Nilipotoka msikitini, swala ya alfajiri, nilipita bombani. Toba niliitanguliza kabisa, dhambi zisije zikalimbikizana. Ndoo ya Bi Zuhra ilikuwa ya tatu, nimeipeleka ya thelathini. Ya Mzee Rajabu ilikuwa ya tano, iko mkiani, na jiwe lake. Nzito kuliko nilivyodhani.

Ndipo nikaiona ile ya njano yenye kitambaa cha kitenge mpinini. Ya Mama Nikolao. Ya arobaini na moja. Mama mtu mzima, magoti yanamsumbua, na huenda siku moja akawa mkwe wangu. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikaiweka ya nne.

Maji yalitoka saa tatu. Bi Zuhra alisimama mbele ya ndoo yake akaiuliza imefikaje huku. Ilipokosa jibu akamuuliza Mzee Rajabu. Mzee Rajabu akasema ana miaka sabini na hajawahi kubeba ndoo ya mwanamke yeyote, hata ya mke wake, jambo ambalo mke wake alilithibitisha papo hapo, kwa mifano. Mtendaji wa kata, Bwana Khalfan, akatoka na kikombe cha chai, akasikiliza, akarudi nacho ndani.

Dirishani Veridiana alikuwa anaandika.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudia leo. Mbili nyuma, ya njano mbele. Mikono inaanza kuzoea.

Hahami! Kaja mwenyewe kuniambia. Kasema amepata kisa, na hakimo hata kwenye vitabu vyao. Ndoo haipotei. Maji hayapotei. Kinachoibwa ni zamu. Kaniuliza, "Kaka Salmini, umewahi kusikia wizi wa kitu kisichoshikika?" Macho yalikuwa yanang'aa. Mimi ndiye niliyeyang'arisha, na hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Hojaji zake sitini nimezitoa bure. Nikasema ni mchango wangu kwa haki jinai. Moja nimeijaza mwenyewe. Umri thelathini na moja, elimu kidato cha nne. Swali la tisa: unadhani mhusika anasukumwa na nini? Nikaandika: upweke. Nikafuta. Nikaandika: shida ya maji.

Jumamosi, 9 Agosti

Ofisi imefungwa, kwa hiyo kaja kupanga hojaji kwenye benchi langu. Chai na muhogo wa kuchemsha. Asubuhi yote.

Nilimuuliza habari za chuo. Alisimulia kama mtu anayeeleza kitu cha kawaida, na hapo ndipo paliponiumiza. Kengele ya kanisa saa kumi na mbili. Mabweni yana majina ya watakatifu, mtu anakwambia amesahau kandambili kwa Mtakatifu Agnes. Waislamu wapo, tena wengi, wana chumba chao cha kuswalia karibu na maktaba. Maktaba yenyewe hadi saa nne usiku watu wamekaa, hakuna anayewauliza wananunua nini. Kuna padri anayefundisha upelelezi, akiingia darasani anaanza na sala, kisha picha za maiti. Na maji yanatoka bombani muda wote. Hakuna anayeyashangaa.

Nilimsikiliza kama mtu anayepewa habari za nyumbani kwao. Nimepakumbuka mahali ambapo sijafika. Sijui kama notsi zina jina la ugonjwa huo.

Mimi mbali kabisa nilikofika ni Nanganga. Mwaka juzi nilipanda basi kwenda kuulizia nafasi ya kusomea cheti, basi likafia hapo. Nikala mahindi ya kuchoma kutwa nzima, nikarudi. Kila anayeniuliza kama nimesafiri namwambia nimesafiri.

Kwa ujanja nikaleta habari za rafiki yangu. Rafiki yangu ana D nne za kidato cha nne, moja ni ya Maarifa ya Uislamu. Anaweza kuingia ngazi ya cheti? Veridiana kasema D nne zinatosha, ila somo la dini halihesabiki, la Kiislamu wala la Biblia. Basi rafiki yangu ana tatu. Kasema rafiki yangu angerudia somo moja tu, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Moja tu. Akanitazama. Nikasema nitamfikishia.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo ndiyo ingekuwa siku ya kuhama. Yupo.

Kaleta mchoro utolewe kopi. Foleni nzima, kila siku iliyoguswa, na mishale. Kazi ya akili hasa. Nilikuwa naingiza karatasi kwenye mashine kwa fahari, kama mwalimu wake, nikaona nilichokifanya.

Mishale yote inarudi nyuma. Imechorwa kwa kalamu nyekundu. Mmoja tu, kila siku, unakwenda mbele. Wa njano.

Nikatoa kopi moja. Ya ziada sikutoa. Ukurasa wa thelathini unasema jiulize kwanza nani ananufaika. Kaufuata sawasawa, na umemfikisha mlangoni kwa mama yake.

Niliihesabu kila ndoo kwenye mstari ule. Ile niliyoibeba kwa mapenzi ndiyo sikuihesabu.

Jumanne, 12 Agosti

Mtaa wote umejua ndoo inayokwenda mbele ni ya nani. Bi Zuhra sokoni leo: "Binti anasomea wezi, mama anamwandalia mazoezi." Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa ilikuwa isali kwa Mama Nikolao jioni. Waliokwenda ni wawili, na mmoja alikuwa anafuata sufuria yake. Ndoo ya njano nimeikuta mkiani, imepinduliwa chini juu. Hilo si mimi.

Kama hayo hayatoshi, Ladislaus kaja. Bodaboda kutoka Masasi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani. Kaja kusaidia. Kaona alama nyeusi kwenye mipini ya ndoo zilizohamishwa, kaziinamia, katangaza kuwa ni masizi, kwa hiyo mhusika ni mama anayepika kwa kuni. Mzee Rajabu akamwomba amwonyeshe mama mmoja wa mtaa huu asiyepika kwa kuni. Ladislaus akaandika swali hilo kama ushahidi.

Veridiana alilowesha kidole akaisugua alama. Haikutoka. Masizi hutoka.

Niliangalia vidole vyangu. Nikavitia mfukoni.

Mpango wa kesho: ndoo ya Bi Zuhra iende namba moja. Wamshuku yeye. Si haki, ila mzigo utakuwa umegawanywa.

Jumatano, 13 Agosti

Bombani sikufika. Nimetoka msikitini nikamkuta Veridiana mlangoni mwa steshenari, kaikalia ndoo ya njano, notsi zake za mwaka wa kwanza mapajani.

Akazifungua. Pembeni mwa kurasa, kwenye ule mstari mweusi, dole gumba. Ukurasa baada ya ukurasa. Langu, na kovu lake la kisu cha kubangulia korosho. Miaka miwili ya dole gumba. Kasema hosteli wenzake humuuliza ni la nani, huwajibu ni la kaka yetu wa kopi, Newala. Kisha akainuka akanionyesha mpini wa ndoo. Dole lile lile. Kovu lile lile.

Akauliza kwa nini. Nikasema utafiti. Akauliza na ya mama yake mbele kwa nini. Nikaipuliza mashine, ingawa ilikuwa imezimwa.

Akasema, "Ulitaka nisiende Masasi." Hakuuliza. Nikamwambia Masasi kuna joto sana. Alikaribia kucheka. Naapa alikaribia. Halafu akasema mama yake hajala tangu jana. Akachukua ndoo akaelekea kwa mtendaji.

Nikakimbia nikamtangulia. Ukurasa wa sabini, anayekiri mapema hupunguziwa. Bwana Khalfan kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kaniuliza kama nilikuwa na homa.

Ijumaa, 15 Agosti

Baraza, mbele ya ofisi ya kata. Ni Ijumaa, na kwa Wakatoliki ni sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, hivyo wengine wametoka msikitini na wengine misani. Nimehukumiwa na watu waliovaa vizuri sana.

Bi Zuhra alitaka polisi. Mzee Rajabu alitaka niizungushe ndoo yake sokoni kichwani, na jiwe ndani. Ladislaus alisimama kusoma jambo kuhusu adhabu iwe fundisho kwa wengine, Bwana Khalfan akamwomba avue miwani kwanza, akakaa.

Ndipo Veridiana akasimama. Sauti ya chini. Kasema kuna kitu kinaitwa haki rejeshi: aliyeharibu atengeneze alichoharibu, mbele ya aliyeharibiwa. Nilikuwa naijua. Iko kwenye gunia. Lakini kusikia inasomwa juu ya kichwa chako ni tofauti.

Ikaamuliwa. Nimwombe radhi Mama Nikolao hadharani, kisha niilinde foleni kila asubuhi hadi mvua zinyeshe. Mlinzi. Ukurasa wa kumi na mbili, kile kitu cha tatu, ni mimi.

Nilipiga magoti. Nikasema shikamoo mama, nisamehe. Alikaa muda mrefu kabla ya marahaba, nikapata kuhesabu vifungo vya shati la Bwana Khalfan. Kisha akawageukia watu. "Nimezaa mtoto anasomea wezi. Wa kwanza kumpata, hata kuiba hajui. Anagawa." Walicheka mpaka chai ya Bwana Khalfan ikamwagika. Hata Bi Zuhra, aliyekuja akiwa amejiandaa kulia.

Nikiwa bado chini akaniinamia akasema, polepole, kwamba kama mtu ana neno, nyumbani kwake kuna mlango. Akaongeza kwamba hasemi kuwa atalikubali.

Narudia kulisoma hilo tangu niliandike.

Ijumaa, 5 Septemba

Anaondoka leo. Ripoti kurasa sitini na moja, kopi tatu. Ya nne sisemi.

Niko ukurasa wa ishirini na tatu. "Mhusika S., mwanamume, miaka 31, kidato cha nne, anajisomea. Hana historia ya uhalifu. Nia: haijabainika." Nikamwambia nadhani imebainika. Akasema anajua, lakini anayesahihisha ni padri.

Akatoa fomu kwenye begi. Fomu ya maelezo ya mtahiniwa wa kujitegemea, kaichapisha kwa ajili ya yule rafiki yangu. Usajili unafunguliwa Januari. Arudie Jiografia, kasema, atakuwa anamfundisha kwa simu kila Jumamosi. D moja. Chuo hakiko mbali kama rafiki yangu anavyodhani. Aliiweka mkononi mwangu akaukunja mkono juu yake, kama unavyompa mtoto pesa ya chumvi.

Basi la Masasi, saa nne. Nilimbebea mizigo. Masasi atapanda Ladislaus, kwa hiyo begi kubwa nimeliweka siti ya pembeni ya Veridiana. Begi ni mtu.

Dirishani akaniambia mwakani, mwaka wa tatu, utafiti wake utakuwa ndani ya gereza huku huku kusini. Wiki nane, Julai na Agosti. Mahojiano ya kina na wafungwa wa vifungo vifupi, mtu mmoja mmoja, kila siku. Nikauliza kila siku? Akasema kila siku. Basi likaondoka.

Nilibaki na mkono juu hadi kondakta wa basi jingine akaniuliza nakwenda wapi. Nilipenda sana alivyouliza.

Newala iko pale pale. Ofisi, soko, mikorosho, harufu ya salfa. Imepungua mtu mmoja tu, na sioni vizuri kilichobaki. Kule chuoni saa hizi kengele labda inalia. Nikarudi kulinda ndoo.

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi bombani. Tangu nipewe ulinzi haijahama ndoo hata moja. Mzee Rajabu kasema mwizi akipewa kazi anafanya kazi. Mama Nikolao kapita, nikamwamkia, kaitikia upesi kuliko jana. Ndoo yake ya kumi na moja. Nimeiacha ya kumi na moja. Nimeitazama sana.

Leo nimefungua Jiografia. Ukurasa wa kwanza, tabaka za dunia. Nikafika tabaka la pili nikawaza ile "kila siku".

Mchana kaja askari mmoja kutoa kopi ya kitambulisho. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, ni kosa gani linampa mtu wiki nane, zisizidi kumi. Akauliza la nani. Nikasema la rafiki yangu. Kasema inategemea hakimu kaamkaje, akanitajia machache.

Fomu ya Veridiana iko hapa mezani. Upande wa nyuma ni mweupe kabisa, karatasi nzuri. Nimeorodhesha makosa tisa. Manne nimeyafuta kwa sababu yana faini, na faini haimfikishi mtu popote. Mawili yanahusu mifugo, sitaki mama yake ayasikie. Yamebaki matatu.

Shida ni kupatia tarehe. Yeye anaanza kuhoji wafungwa Julai, na mahakama haikimbizwi. Itabidi nianze mapema.

Januari nitakuwa na shughuli.